Tume ya Uchunguzi na Mnyonge wa Handeni na Korogwe

Katika Handeni na Korogwe ubaguzi haukuwa neno la vitabuni tu. Reli ya Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na mashamba ya mkonge yakaenea kando yake. Wenye mashamba walikuwa wageni. Waliokata mkonge walikuwa manamba walioletwa kutoka mbali. Hata shule za Wazungu, Wahindi na Waafrika zilitengwa. Uhuru uliivunja mipaka hiyo ya rangi, lakini tabia ya mwenye cheo kumpendelea nduguye na kumdharau asiye na wa kumsemea haikuondoka na bendera ya mkoloni.

Kwa sababu hiyo iliundwa Tume ya Kudumu ya Uchunguzi kwa Sheria ya mwaka 1966, ya kwanza ya aina yake katika Afrika. Mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Chifu Erasto Mang'enya, mtu wa Bonde, jirani zetu hasa. Nasi wa Mkoa wa Tanga twaona fahari kidogo kwa hilo. Tume ilizunguka wilayani kupokea malalamiko. Mkulima wa Kizigua asiyejua kuandika aliweza kuyasema yake kwa kinywa, pasipo ada wala wakili. Katika miaka ya 1970, watu walipohamishiwa vijijini na neno la ofisa likawa zito kuliko shamba la mtu, mlango wa namna hiyo ulikuwa na thamani kubwa.

Hata hivyo Tume haikuweza kuamuru. Taarifa yake ilikwenda kwa Rais, kwa siri, naye ndiye aliyeamua. Basi mjadala ukawa: je, ivunjwe au iongezewe meno? Hoja ya kuihifadhi, kwamba wananchi wameizoea, haikuwa dhaifu. Lakini Katiba ilikwisha kutiwa haki za binadamu mwaka 1984, na ibara ya 13 yakataza ubaguzi. Chombo kisichoweza kwenda mahakamani kingeitetea vipi?

Mwaka 2001 nafasi yake ilichukuliwa na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, chini ya Jaji Robert Kisanga. Hiyo yaweza kufungua shauri mapendekezo yake yakipuuzwa. Wanakijiji wa Nyamuma, Serengeti, waliofukuzwa makwao mwaka 2001, walipewa haki na Tume hiyo. Serikali ikakataa, na ugomvi ukafika hadi Mahakama ya Rufani.