Namna ya kupata kikundi cha kusaidiana kuacha pombe Kakamega

Mkazi wa Kakamega anayenuia kuacha pombe huandamwa na hofu ya mwili wake kukataa kuishi bila kileo. Lakini yamkini hofu iliyo kubwa zaidi ni ya kuonekana akiingia chumba cha watu wenye shida kama yake, katika mji ambao mwalimu, mwendeshaji bodaboda na mama mboga hujuana kwa majina na kwa koo.

Uzito wa suala hili umethibitishwa kwa takwimu. Utafiti wa mwaka wa 2022 wa mamlaka ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, NACADA, ulibaini kuwa eneo la Magharibi liliongoza nchini kwa unywaji pombe, likiwa na asilimia 23.8 ya watu wa umri wa miaka 15 hadi 65. Pwani ilifuata kwa asilimia 13.9. Nchini kote, watu 1,357,754 wa umri huo walikadiriwa kuwa waraibu wa pombe.

Kabla ya kusaka kikundi, kuna tahadhari. Mtu anayekunywa kila siku, na ambaye mikono humtetemeka asubuhi hadi aonje chang'aa au busaa, hafai kuacha ghafla akiwa peke yake nyumbani. Katika siku mbili za kwanza anaweza kushikwa na degedege, na kufikia siku ya tatu akaanza kuweweseka na kuona vitu visivyokuwepo. Hali hiyo huweza kuua. Mtu kama huyo aanzie hospitali kuu ya rufaa ya kaunti mjini Kakamega, au kituo cha afya kilicho karibu naye, apewe dawa za kumtuliza. Kikundi humfaa baada ya hapo.

Kutafuta chenyewe hakuhitaji fedha. Nambari ya NACADA, 1192, hupigwa bila malipo, mchana na usiku. Wahudumu wa kliniki za afya ya akili nao wanaweza kuulizwa. Maswali ya kuuliza ni haya: kikundi hukutana siku gani, huongea lugha gani, na je, mgeni anaweza kuja na jamaa yake? Anayehofia macho ya majirani ana haki ya kuchagua kikundi cha mji mwingine, hata kama nauli itamuuma kidogo.

Vikundi vinavyojulikana zaidi duniani ni vya Alcoholics Anonymous, maarufu AA. Vilianza mwaka wa 1935 mjini Akron, Marekani, pale Bill Wilson, mfanyabiashara wa hisa aliyekuwa ameacha pombe miezi michache tu, alipohisi kiu ikimrudia akiwa safarini. Badala ya kuingia baa, alipiga simu kutafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Alielekezwa kwa daktari mpasuaji, Bob Smith, na mazungumzo yao yakazaa chama.

Sharti la kujiunga ni moja: nia ya kuacha pombe. Hakuna ada, ingawa mchango wa hiari hupitishwa. Watu hujitambulisha kwa jina la kwanza pekee, na mgeni anaruhusiwa kunyamaza mkutano mzima. Mikutano ya wazi hupokea yeyote, ile ya faragha ni ya wenye tatizo pekee. Mungu hutajwa, lakini kila mmoja humwelewa kwa namna yake, hivyo Mwislamu wa Mumias na Mkristo wa dhehebu la Friends, linalopinga pombe kabisa, wanaweza kuketi pamoja.

Tangu janga la korona la mwaka wa 2020, mikutano mingi hufanyika pia kwa njia ya simu na intaneti. Kwa mtu wa Malava au Shinyalu asiyeweza kufika mjini, huu ni msaada mkubwa. Hata hivyo, bando huisha, na anayejificha nyuma ya skrini ni rahisi kutoweka.

Wanaoshuku kama mazungumzo ya kikundi yanafaa kitu watazame Eldoret. Huko, watafiti waliendesha mafunzo ya vikundi kwa Kiswahili, yakiongozwa na washauri wa kawaida waliofunzwa kazi hiyo, kwa wagonjwa wa HIV waliokunywa pombe. Matokeo ya awali yaliyochapishwa mwaka wa 2011 yalionyesha kuwa baada ya siku 90, asilimia 69 ya waliohudhuria walisema wameacha kunywa, ikilinganishwa na asilimia 38 ya waliopata huduma za kawaida.

Mtihani mgumu kwa Mluhya ni matanga. Mahali ambapo chungu cha busaa huzungukwa na wazee wenye mirija, kukataa huonekana kuwa kiburi. Wakongwe wa vikundi hushauri mtu aende mapema, azike, aondoke kabla ya giza, na awe na nambari ya mwenzake wa kumpigia. Akiteleza akanywa, arudi mkutano unaofuata. Hafutwi uanachama.

Mke, mume au mzazi wa mlevi anaweza kutafuta vikundi vya Al-Anon, vilivyoanzishwa mwaka wa 1951 kwa ajili ya jamaa. Humo anaweza kuhudhuria hata kama mlevi mwenyewe bado anakana kwamba ana tatizo.