Ziwa, Eda na Mirathi: Hesabu ya Mwezi kwa Mama Anyonyeshaye

Swali limenifika kutoka Mayfair, Johannesburg. Familia yenye asili ya Unguja, iliyohamia huko zaidi ya miaka ishirini iliyopita, ina binti aliyepewa talaka moja huku akimnyonyesha mtoto wa miezi minane. Tangu ajifungue na kutoka arubaini hajaingia mwezini. Ilipopita miezi mitatu baada ya talaka, ami yake alisema eda imekwisha, binti yu huru, na mambo ya mume yafungwe. Bibi yake, mtu mzima aliyezaliwa Ng'ambo, alikataa katakata. Mwanamke mwenye mtoto ziwani, alisema, hahesabu miezi ya kalenda. Anahesabu mwezi wa mwili wake, na huo bado haujaja.

Hawakuniandikia kutaka fatwa. Mimi si mufti, na Johannesburg haikosi masheikh. Walitaka kujua wazee wetu wa pwani walikuwa wakihesabu vipi, na bibi amelitoa wapi neno lake. Naona swali hili lafaa kujibiwa hapa mbele ya wasomaji wote, maana nyumba nyingi zilizotawanyika baina ya Muscat, Mombasa, London na Johannesburg zina karatasi za talaka na mirathi ambazo tarehe zake hazieleweki mpaka mtu aulize ni lini mtoto aliachishwa ziwa.

Kwanza lugha yenyewe. Waswahili wa zamani walisema kumlikiza mtoto, yaani kumwachisha ziwa, na neno hilo hilo likatupa likizo ya skuli na ya kazini. Mama alipakwa shubiri kwenye chuchu, mtoto akionja ukali akakunja uso, na baada ya siku chache akazowea uji. Yaliyofuata kwa mama hayakusemwa barazani. Yalisemwa kwa somo, au kwa mkunga, au kwa dada mkubwa: fulani ameona siku zake. Kwa sababu hiyo mwanahistoria anayesoma karatasi za wanaume peke yake haoni kitu. Lakini kadhi aliona, kwa sababu sheria ilimlazimu kuuliza.

Qurani imetaja eda za namna mbalimbali. Mwanamke anayepata hedhi na akatalikiwa hungoja quru tatu (2:228). Aliyekata tamaa ya hedhi kwa umri, na ambaye hajapata hedhi, hungoja miezi mitatu (65:4). Mwenye mimba hungoja mpaka azae. Ami wa Mayfair aliishika ile miezi mitatu, na si yeye wa kwanza. Lakini mama anyonyeshaye si mkongwe wala si mtoto. Hedhi anayo, imezuiliwa tu. Basi yumo katika kundi lipi?

Swali hili liliulizwa Madina katika ukhalifa wa Sayyidna Uthman bin Affan, na kisa chake wamekipokea Imam Malik katika Muwatta na Imam Shafii kwa urefu zaidi. Habban bin Munqidh, mtu wa Ansari, alikuwa na wake wawili, mmoja wa Bani Hashim na mmoja wa Ansari. Alimtaliki huyu wa Ansari hali ya kuwa mzima wa afya, naye mke alikuwa akimnyonyesha binti yao. Muda ukapita bila ya mke kupata hedhi, kwa kuwa kunyonyesha kulimzuia. Malik ametaja mwaka mmoja, Shafii ametaja miezi 17. Katikati ya muda huo Habban akaugua. Akaambiwa: mtalaka wako atakurithi. Akawataka watu wake wambebe mpaka kwa Uthman.

Uthman alikuwa amekaa na Ali bin Abi Talib na Zayd bin Thabit, akawauliza wao. Jawabu lao lilikuwa kwamba akifa mume mke atarithi, na akifa mke mume atarithi, kwa sababu mwanamke huyu si katika waliokata tamaa wala si katika ambao hawajabaleghe. Yumo katika eda ya hedhi yake, iwe ndefu au fupi. Habban akarudi nyumbani, akamchukua binti yake kutoka kwa mamake. Ziwa lilipokatika, mama akapata hedhi ya kwanza, kisha ya pili. Kabla ya kuja ya tatu Habban akafariki. Mwanamke akaanza eda ya kufiliwa, na akarithi. Mke wa Kihashim hakupendezwa, na Uthman akamjibu kwamba rai hii imetoka kwa binamu yake mwenyewe, akimkusudia Ali.

Nimekisoma kisa hiki mara nyingi na kila mara nasita pale Habban anapomchukua mtoto. Wanavyuoni hupita hapo haraka kwenda kwenye hukumu. Lakini hapo tunaona mambo mawili. Mtu wa Madina wa karne ya kwanza ya Hijra alijua wazi kwamba ziwa likiachwa hedhi hurudi, na alikuwa tayari kuitumia elimu hiyo ili mtalaka wake asimrithi. Riwaya haitwambii mtoto alilishwa nini, wala mama alisema nini siku ile aliyochukuliwa.

Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waswahili wengi, hukumu ilitulia hivyo hivyo. Katika Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu kilichosomeshwa Lamu, Mombasa, Unguja na Ngazija, mwanamke ambaye damu yake imekatika kwa sababu inayojulikana, kama kunyonyesha au maradhi, husubiri mpaka hedhi irudi, au mpaka afike umri wa kukata tamaa. Kwa hiyo neno la bibi wa Mayfair halikuwa mila ya Ng'ambo tu. Lilikuwa fiqhi, iliyopita kutoka darsani mpaka jikoni bila ya kupotea njiani. Na hata huko Afrika Kusini si ngeni: Waislamu wa Cape wengi wao ni Mashafii, na Sheikh Abdallah Bakathir wa Unguja, aliyefariki mwaka 1925, alisafiri mpaka Cape Town. Transvaal ya zamani, ambamo imo Johannesburg, ilikaliwa zaidi na Mahanafi wenye asili ya Bara Hindi, lakini katika jambo hili la mama anyonyeshaye nao pia wanasema angoje.

Kungoja huko si maneno matupu. Katika talaka rejea, muda wote wa eda mwanamke ana haki ya nyumba na chakula, mume anaweza kumrejea bila ya ndoa mpya, na wanarithiana. Kuliko miezi mitatu, mama wa mtoto mchanga angeweza kukaa mwaka na nusu katika hali hiyo. Kwa mume mwenye nia njema ni nafasi ndefu ya kurudiana. Kwa mume mwenye haraka ni mzigo. Kwa mwanamke anayetaka kuolewa kwengine ni kifungo. Na ufunguo wa yote ulikuwa katika ulimi wake yeye, kwani kadhi wa Kishafii hupokea kauli yake kwamba quru tatu zimepita, maadamu muda unaruhusu. Muda mdogo kabisa walioukadiria mafakihi kwa mwanamke muungwana ni siku 32 na lahadha mbili. Aya ile ile ya quru inawakataza wanawake kuficha yaliyomo matumboni mwao. Katazo hilo lina maana tu ikiwa wao ndio wanaoaminiwa kusema.

Hapa niwatie neno wale wanaohesabu nasaba. Katika nyumba kubwa za Unguja ya karne ya 19, mtoto wa bibi mara nyingi hakunyonya kwa mamake. Sayyida Salme, kwa jina la baadaye Emily Ruete, katika kumbukumbu zake zilizochapwa Berlin mwaka 1886, ameeleza habari za wanyonyeshaji katika jumba la babake. Walikuwa wanawake watumwa, na waliheshimiwa. Lakini tufikirie mwili unavyofanya kazi. Bibi asiyenyonyesha huona siku zake baada ya miezi michache, hushika mimba upesi, na akitalikiwa eda yake huisha upesi. Yule anayemnyonyeshea hukaa bila ya hedhi, na uzazi wake mwenyewe huchelewa, akilea mtoto asiyekuwa wake. Tunapoona katika shajara ya familia watoto wa mke mmoja wamepishana mwaka, na wa mwengine wamepishana miaka mitatu, tusikimbilie kusema huyu alipendwa na yule hakupendwa. Tuulize kwanza nani aliyenyonyesha. Ziwa hilo liliacha pia ndugu wa kunyonya, wasioweza kuoana, ambao majina yao hayamo katika shajara hata moja niliyoiona.

Kwa watu wa kawaida palikuwa na hofu ya kubemenda. Mtoto aliye ziwani, wazee wake wakikutana au mama akishika mimba nyingine, alisemwa atadhoofika, miguu itakosa nguvu. Mwezi uliporudi kabla ya kulikiza, mama aliingiwa na wasiwasi, kwani sasa mimba ingeweza kuja. Wanavyuoni walikuwa na hadithi ya Mtume, iliyopokewa na Judama bint Wahb, kwamba alitaka kukataza kukutana na mke anyonyeshaye, kisha akaacha alipoona Warumi na Waajemi wanafanya na watoto wao hawadhuriki. Hadithi hiyo ilikuwa ikisomwa msikitini, na nyumbani watu wakaendelea kuogopa kubemenda. Siwalaumu. Mama aliyeshika mimba akamwachisha mtoto ghafla, katika nyumba ambayo chakula ni muhogo mtupu, alimwona kweli mtoto akivimba miguu. Chanzo kilikuwa njaa ya mtoto, lakini jicho lao halikudanganywa na wakati ilipoanza.

Sayansi ilikuja kuyapima haya karibu na kwetu. Katika miaka ya 1970 watafiti kutoka Brussels, Delvoye na wenzake, walipima damu ya akina mama wanaonyonyesha katika Kivu, mashariki ya Zaire ya wakati huo. Waliona kwamba mtoto anaponyonya mara nyingi kwa siku, homoni iitwayo prolaktini hubaki juu hata zaidi ya mwaka, na hedhi haiji. Anaponyonya mara chache hushuka. Basi mwezi haungoji siku ya shubiri. Mtoto akianza kulala usiku kucha bila ya ziwa, au akishiba uji, mwili wa mama huanza kuamka, na kwa wengine hedhi hurudi mtoto bado ananyonya. Mwaka 1988, katika mkutano wa Bellagio, Italia, wataalamu walikubaliana kwamba mama ambaye mtoto wake hajatimiza miezi sita, anayemnyonyesha bila ya chakula kingine, na ambaye hedhi haijarudi, ana kinga ya mimba ya zaidi ya asilimia 98. Kikipungua kimoja katika hivyo vitatu, kinga haitegemewi.

Turudi Johannesburg. Kwa miaka mingi binti kama huyu wa Mayfair angekuwa na eda bila ya mahakama. Ndoa ya Kiislamu isiyosajiliwa serikalini haikuwa ndoa mbele ya sheria ya nchi, na hapakuwa na kadhi wa serikali kama Mombasa au Unguja. Mabadiliko yalikuja kidogo kidogo, na kupitia mlango wa mirathi, kama kwa Habban. Mwaka 2004 Mahakama ya Katiba, inayokaa Johannesburg penye gereza la zamani la Old Fort, iliamua kwamba mjane wa ndoa ya Kiislamu ya mke mmoja ahesabiwe mke katika mirathi. Mwaka 2009 ikawaingiza wajane wa mitaala. Kisha tarehe 28 Juni 2022, katika shauri la Women's Legal Centre Trust, ikatamka kwamba Sheria ya Ndoa ya 1961 na Sheria ya Talaka ya 1979 zinakwenda kinyume na katiba kwa kutozitambua ndoa za Kiislamu, na mwaka 2024 Bunge likairekebisha sheria ya talaka. Majaji hao hawakuwa na haja ya kuhesabu quru. Walitazama nani aliachwa bila ya kitu.

Niliiandikia familia kisa cha Habban chote, pamoja na sehemu ya kuchukuliwa mtoto, nikawaomba wamwendee sheikh wao kwa hukumu. Ami alisoma akanyamaza. Mume alikubali kuendelea kuleta matumizi. Binti alimlikiza mwanawe pole pole, kwanza ziwa la usiku, bila ya shubiri, alipotimiza mwaka na miezi minne. Bibi ndiye anayeweka hesabu. Huandika tarehe nyuma ya kalenda ya msikiti, kwa herufi za Kiarabu kama alivyofunzwa chuoni. Mpaka ninapoandika haya, tarehe zilizoandikwa ni mbili.