Kifo cha huruma: Sheria inavyosema na hali ilivyo wodini

Mgonjwa ambaye saratani imemla hadi mifupani akimwambia daktari, "Nipe dawa ya mwisho nipumzike," huwa anaomba nini hasa? Wengi watajibu kwamba anaomba kufa. Wauguzi waliozoea kukesha na wagonjwa wa aina hiyo watakwambia kwamba mara nyingi anaomba maumivu yakome, na kwamba hayo ni maombi mawili tofauti.

Neno eutanasia lina asili ya Kiyunani, na maana yake ni kifo chema. Katika mazungumzo ya kila siku limebebeshwa mambo manne: daktari kumdunga mgonjwa sindano ya kumuua kwa ombi lake, kumpa dawa ili ajiue kwa mkono wake, kusitisha matibabu yasiyofaa tena, na kumtuliza kwa dawa kali mauti yakimkaribia. Mawili ya kwanza ni jinai nchini Kenya, mawili ya mwisho siyo. Anayeyachanganya huishia ama kumtetea muuaji ama kumnyima mgonjwa nafuu.

Ibara ya 26 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kuishi. Kifungu cha 213 cha Kanuni ya Adhabu kinamhesabu kuwa amesababisha kifo mtu anayeharakisha mauti ya mgonjwa, hata kama ugonjwa ule ungemuua vivyo hivyo. Kwa hivyo huruma si utetezi dhidi ya shtaka la mauaji. Adhabu yake ni kifo, ingawa Mahakama ya Juu iliamua Desemba 2017, katika kesi ya Francis Muruatetu, kwamba jaji halazimiki kuitoa. Anayemsaidia mwenzake kujiua naye anaweza kufungwa maisha chini ya kifungu cha 225. Ikumbukwe kuwa uamuzi wa Mahakama Kuu wa Januari 2025 ulihusu kifungu cha 226 pekee, kilichomwadhibu aliyejaribu kujiua. Haukumfungulia mlango msaidizi wake.

Kwingineko sheria zimelegezwa. Jimbo la Oregon, Marekani, lilianza kuruhusu madaktari kuwaandikia dawa wagonjwa mahututi mwaka 1997, nazo Uholanzi na Ubelgiji zikafuata kwa sheria pana zaidi mwaka 2002. Huwa tunazitaja nchi hizo kana kwamba wodi zao ni sawa na zetu.

Kinachokosekana kwetu ni mofini. Dawa hiyo huyeyushwa majini na kunywewa nyumbani, wala si ghali. Lakini mwaka 2010 shirika la Human Rights Watch lilipochunguza hali ya watoto wagonjwa nchini, lilipata kwamba ni hospitali chache mno za umma zilizokuwa nayo. Baadhi ya wahudumu waliiogopa, wakiamini ni ya kumaliza watu. Ukweli ni kwamba ikipimwa barabara na kuongezwa hatua kwa hatua, haimuui mgonjwa. Humrejeshea usingizi, hamu ya kula, na nguvu za kuagana na watoto wake. Majirani zetu Uganda, ambako Dkt Anne Merriman alianzisha Hospice Africa mwaka 1993, walibadilisha sheria mwaka 2004 ili wauguzi waliofunzwa waweze kuiandika. Kenya ilikuwa na Nairobi Hospice tangu 1990, lakini kwa mkazi wa Masinga au Yatta, Nairobi ni mbali. Ndiyo maana kuingizwa kwa huduma hii katika hospitali kubwa za umma, Machakos ikiwemo, kulikuwa hatua kubwa kuliko ilivyotangazwa.

Makanisa, yenye sauti kubwa Ukambani, yanapinga kifo cha kusababishwa, nao Waislamu vilevile. Hata hivyo, waumini wengi hawajui kwamba Papa Pius XII alikubali mwaka 1957 kuwa ni halali kumpa mgonjwa dawa ya maumivu hata kama inaweza kumfupishia maisha, mradi nia si kumuua.

Kuna jambo jingine ambalo wanaotetea uhuru wa kuchagua hulipitia juu juu. Hapa kwetu anayeugua huugua na ukoo mzima. Ng'ombe huuzwa, kisha shamba, kisha harambee huitishwa. Mzee anayejua kwamba karo ya wajukuu imeishia kwenye dripu yake atasema amechoka kuishi, na atasema kwa hiari yake. Sheria gani itapima hiari hiyo?

Kwa sasa, Sheria ya Afya ya 2017 inataja huduma za kutuliza wagonjwa miongoni mwa haki za kiafya, na inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa kuwa ana haki ya kukataa matibabu, pamoja na athari za kukataa. Familia inaweza kumuuliza daktari maswali mawili: je, tiba hii itamponya au itamrefushia mateso, na mofini iko?