Mashababi wa Mocímboa da Praia: Jina Lilipodhaniwa Kuwa Nasaba

Alfajiri ya tarehe 5 Oktoba 2017, watu wapatao 30 wenye silaha walivamia vituo vitatu vya polisi katika mji wa Mocímboa da Praia, kaskazini mwa jimbo la Cabo Delgado. Serikali ya Msumbiji iliwaita wahalifu. Waandishi wa nje wakaanza kuuliza hao ni nani. Wenyeji walikuwa na jibu tayari, kwa sababu wengi wa wavamizi hao walikuwa vijana wa mitaa yao, waliojitenga na misikiti ya wazee miaka kadhaa nyuma wakawa na sala zao na mavazi yao. Mjini waliitwa Al-Shabaab. Jina hilo lilipotoka Mocímboa likaenda Maputo, Dar es Salaam na Nairobi, kila mahali lilikuta jina jingine limeshakaa, la kundi la Somalia, lililofanana nalo herufi kwa herufi.

Makala hii inadai kwamba sehemu kubwa ya mkanganyiko uliofuata ilitokana na kulisoma jina kana kwamba ni nasaba. Anayeitwa Juma bin Hamisi tunamjua baba yake kwa kusikia jina lake. Kundi linaloitwa Al-Shabaab halitwambii hivyo, ingawa sikio letu limezoea kudhani linatwambia.

Msomaji wa Mombasa au wa Garissa hana lawama kwa kudhani. Kwake jina hilo limefungamana na mashambulizi ya jengo la maduka la Westgate mwaka 2013 na ya Chuo Kikuu cha Garissa, ambako watu 148 waliuawa tarehe 2 Aprili 2015. Akiambiwa kuwa Al-Shabaab imefika Msumbiji, anaona jeshi moja lililoshuka pwani kutoka Kismayu. Lakini historia za makundi haya mawili hazifuatani. Lile la Somalia lilikua ndani ya Muungano wa Mahakama za Kiislamu, likapata nguvu wakati wa vita na majeshi ya Ethiopia yaliyoingia nchini mwishoni mwa 2006, na mwezi Februari 2012 likatangaza hadharani kuwa tawi la Al-Qaeda. La Cabo Delgado, kwa mujibu wa mwanahistoria Eric Morier-Genoud, asili yake ni kikundi cha kidini kilichoanza mwaka 2007 katika wilaya ya Balama, huko bara, mbali na bahari. Kuanzia Juni 2019 mashambulizi yake yalianza kudaiwa na Dola la Kiislamu (ISIS), hasimu mkubwa wa Al-Qaeda. Somalia kwenyewe, Al-Shabaab imekuwa ikipigana na tawi la Dola la Kiislamu lililojichimbia katika milima ya Puntland. Tukilifuata jina, itatubidi tuseme kuwa kundi moja limekula viapo viwili vinavyopingana.

Sisemi kwamba hapakuwa na mawasiliano. Utafiti wa Saide Habibe, Salvador Forquilha na João Pereira, uliochapishwa na taasisi ya IESE ya Maputo mwaka 2019, unaonyesha uhusiano wa vijana wa Mocímboa na wenzao wa nchi jirani za Afrika Mashariki. Hilo si ajabu katika pwani ambayo watu wake wameoana, wamefanya biashara na wamesoma pamoja kwa karne nyingi. Ila uhusiano wa aina hiyo huthibitishwa kwa ushahidi wa safari, wa fedha na wa watu. Jina halimo katika ushahidi huo.

Basi lilitoka wapi? Hapa umbo la neno linatufaa kuliko taarifa za kijasusi. Katika Kiarabu, *shabab* ni vijana kwa ujumla wao. Mmoja ni *shabb*. Kiswahili kilipolichukua kililifanya la mtu mmoja: shababi, kijana mbichi, barobaro. Cabo Delgado nako likapewa kiambishi cha wingi cha lugha zetu za Kibantu likawa mashababi, kisha wasemaji wa Kireno wakaliongezea mkia wao wakaandika *machababos*. Lihesabu neno hilo vizuri: wingi wa Kiarabu ndani, wingi wa Kibantu mbele, wingi wa Kireno nyuma. Neno lenye wingi mara tatu halikuundwa na kamati ya wapiganaji iliyoketi kuchagua jina la chama. Limepita katika vinywa vya wavuvi, wachuuzi na polisi, kila mmoja akilisarifu kwa sarufi ya lugha yake.

Ngeli nayo ina la kusema. Kiswahili kina mazoea ya kuwaweka katika *ma-* watu wenye cheo na watu wa kuogopwa, hasa pale neno linapokuwa la kukopa: mashehe, maafisa, majambazi, majangili. Mashababi wanaingia humo bila taabu. Mji ulikuwa unawaeleza watu, wale vijana wenye mambo yao, kwa nomino ya kawaida iliyobeba pengine dhihaka na woga kwa pamoja, na bila shaka iliyosikika redioni katika habari za Somalia. Mwangwi wa Somalia ulikuwemo, kama vile kijana mkorofi wa mtaani anavyoweza kupewa jina la dikteta fulani bila mtu kudai kuwa ni mwanawe. Herufi kubwa ndiyo iliyoleta balaa. Mwandishi wa kwanza aliyeligeuza neno hilo kuwa nomino ya pekee aliiunda taasisi pale ambapo palikuwa na maelezo tu.

Wanaisimu watauliza kama hii ni homonimia au polisemia. Kaa la moto na kaa wa baharini ni homonimia, maneno mawili yaliyogongana kwa sauti. Mkono wa mtu na mkono wa shati ni polisemia, neno moja lililotanuka. Al-Shabaab mbili zinaikataa migawo yote miwili. Neno ni lilelile, na asili yake ni moja, lakini tendo la kuita limefanyika mara mbili, mahali pawili, na watu tofauti wenye nia tofauti. Isimu yetu imeshughulikia sana maana za maneno kuliko matendo ya kuita, na pengo hilo huonekana wazi tunapojaribu kueleza jambo dogo kama hili. Matendo hayo ni mengi kuliko mawili, tena. Riyadh kuna klabu ya mpira iitwayo Al-Shabab, iliyoanzishwa 1947. Dubai kulikuwa na nyingine iliyounganishwa na klabu mbili mwaka uleule wa 2017. Sisi wenyewe tuna Yanga, yaani Young Africans, tangu 1935. Ujana ni sifa ambayo kila kikundi kipya huikimbilia, na kwa hiyo haimtambulishi yeyote.

Mfano unaouma zaidi ni jina la pili la kundi hilo. Baadhi ya watafiti wameliita Ahlu Sunna wal Jamaa, wengine Ansar al-Sunna, na wapo walionakili jina la Swahili Sunna. Ahlu Sunna wal Jamaa ni jina ambalo Waislamu wa Kisunni wote, kuanzia sheikh wa maulidi hadi anayeyapinga maulidi, hulidai kuwa lao. Somalia, tangu 1991, kuna Ahlu Sunna Waljamaa ambayo ni jumuiya ya Masufi. Mwaka 2008 ilishika silaha dhidi ya Al-Shabaab, iliyokuwa ikibomoa makaburi ya mawalii. Kwa hiyo majina mawili ambayo Somalia ni ya maadui wanaopigana, Cabo Delgado yamevalishwa kundi moja. Sijui ushahidi mwingine mfupi kuliko huo wa kuonyesha kwamba majina haya hayakusafiri pamoja na wenyewe. Na Swahili Sunna? Sisi tunaosoma Kiswahili tulipaswa kulishtukia mapema. Wenyeji wa Mocímboa ni Wamwani na Wamakonde na Wamakua. Wanapoiita sunna fulani ya Kiswahili wanaonyesha upande ilikotokea, yaani kaskazini, ng'ambo ya Ruvuma. Hawaelezi mafundisho yake.

Madola huwa hayavumilii utata wa namna hii, nayo huutibu kwa orodha. Tarehe 10 Machi 2021 Marekani ilitangaza kuliweka kundi hilo katika orodha yake ya magaidi kwa jina la ISIS-Mozambique, ikaambatanisha majina mengine yanayotumika, Al-Shabaab ya Msumbiji na Ansar al-Sunna yakiwemo. Ni jina la nne au la tano, na la kwanza ambalo hakuna mtu wa Mocímboa aliyelitamka. Siku hiyohiyo iliorodheshwa pia ISIS-DRC, yaani ADF, waasi wenye asili ya Uganda wanaoua watu Beni na Ituri. Dola la Kiislamu nalo lilikuwa limewaweka wote wawili chini ya jina moja la Jimbo la Afrika ya Kati, ingawa kati ya Beni na Mocímboa kuna Tanzania nzima. Mei 2022 likaanza kuitaja Msumbiji kama jimbo peke yake. Jina moja lilikuwa limefunika vita viwili vyenye sababu zake, kimoja cha mpakani mwa Uganda na Kongo, kingine cha pwani yenye gesi, rubi na vijana wasio na kazi.

Lazima nikiri jambo linaloipunguzia makali hoja yangu. Jina lisilo na nasaba linaweza kuitafuta. Anayeitwa shababi kila siku, kwa woga unaoandamana na neno hilo, hupewa pia ukubwa ambao pengine hakuwa nao. Kati ya Agosti 2020, kundi lilipoiteka bandari ya Mocímboa da Praia, na Agosti 2021, majeshi ya Rwanda na Msumbiji yalipoukomboa mji, hakuna aliyehitaji kuuliza kama mashababi ni watu wa kuchukuliwa kwa uzito. Kufikia mwisho wa 2022 waliouawa katika vita hivyo walizidi 4,000, na waliohama makwao walifikia takriban milioni moja.

Cabo Delgado ina uzoefu mrefu wa majina ya vita. Wareno waliwaita wapiganaji wa ukombozi wa Frelimo *turras*, magaidi. Frelimo iliposhika dola ikawaita waasi wa Renamo majambazi wenye silaha. Naparama, wanamgambo wa dawa za asili waliopigana na Renamo huko Zambézia na Nampula karibu na mwaka 1990, jina lao lilifufuka mwishoni mwa 2022 kwa vijana waliojipanga kuwakabili mashababi. Wengi wa vijana hao hawakuwa wamezaliwa Naparama wa kwanza walipokuwa hai.

Hata mji wenyewe una wajina. Mocímboa ziko mbili katika jimbo moja: ya pwani, na Mocímboa do Rovuma, iliyoko bara katika wilaya ya Mueda. Wareno walizitenganisha kwa kuziongezea maneno, moja ya ufuo, nyingine ya mto. Hata lugha ya wenyeji, Kimwani, imebeba neno lenye wajina, *mwani*, ambalo kwao ni pwani. Mzanzibari akilisikia anafikiria mwani wa Paje unaoanikwa juani. Nyongeza ya Kireno hufanya kazi kwa sababu aliyeiweka alizitazama Mocímboa zote mbili kwenye ramani moja. Watafiti nao siku hizi huandika Al-Shabaab ya Cabo Delgado, na ni sawa, kwa kuwa nao wana ramani mbele yao. Mkazi wa mji huo akiwa kwake husema Mocímboa tu, na mashababi tu.