Fanzini: Asili ya Jambo na Taabu ya Jina Lake

Miongoni mwa maneno yaliyoletwa mbele yetu na wafasiri, limo moja dogo lililotusumbua kuliko ukubwa wake: fanzini. Mfasiri aliyelileta alikuwa amekwisha kuandika "jarida la mashabiki", akataka kuthibitishiwa tu. Hatukumthibitishia, na makala haya yanakusudia kueleza sababu.

Neno lenyewe ni la kuunganishwa: kichwa chake ni neno la Kiingereza lenye maana ya shabiki, na mkia wake umekatwa katika neno lenye maana ya jarida. Aliyeliunda ni Mmarekani Louis Russell Chauvenet, mwezi Oktoba 1940, naye alikuwa mpenzi wa hadithi za kubuni za kisayansi. Wapenzi wa hadithi hizo walikuwa wakitoa majarida yao wenyewe tangu mwaka 1930, lilipotoka The Comet huko Chicago. Chauvenet alitaka kuyatenga majarida ya aina hiyo na yale ya wachapishaji wa biashara. Basi tangu siku ya kwanza neno lilibeba mpaka ndani yake: upande huu atoaye kwa mapenzi, upande ule atoaye kwa faida.

Vijana wa muziki wa panki walilirithi neno hili likiwa na umri wa zaidi ya miaka thelathini. (Msomaji aijuaye panki kwa mkato wa nywele tu na aelewe kuwa hapa tunazungumzia muziki.) Huko New York, John Holmstrom na wenzake walianza kutoa jarida la Punk mwezi Januari 1976, lenye michoro mingi ya katuni. Mwezi Julai mwaka huo huo, mjini London, karani wa benki aitwaye Mark Perry, aliyekuwa na umri wa miaka 19, alitoa Sniffin' Glue baada ya kuvutiwa na santuri ya kwanza ya Ramones. Toleo la kwanza lilikuwa na nakala kama 50. Jina la jarida liliandikwa kwa mkono, habari zikapigwa taipu, makosa yakaachwa yaonekane, kurasa zikatolewa fotokopi na kubanwa pamoja kwa stepla. Mwalimu yeyote aliyepata kudurufu mitihani ataitambua kazi hiyo mara moja.

Lakini jambo lenye uzito zaidi ni kwamba Perry aliwahimiza wasomaji wake watoe majarida yao wenyewe badala ya kulitegemea lake. Wakafanya hivyo. Kabla mwaka haujaisha, Tony Drayton wa Glasgow alikuwa ameanza Ripped & Torn. Mwezi Januari 1977 fanzini nyingine, Sideburns, ilichora namna ya kushika kodi tatu za gitaa, ikamwambia msomaji kwamba sasa anaweza kuunda bendi. (Mchoro huo mara nyingi husemwa kuwa wa Sniffin' Glue, wafasiri wajihadhari.) Perry mwenyewe alilisimamisha jarida lake mwaka 1977, wakati likiuzwa kwa maelfu.

Sideburns ndiyo inayotupa mtihani. Ilianza kwa ushabiki wa bendi ya The Stranglers. Baadaye mhariri wake akashirikiana na bendi hiyo kutoa jarida jingine, Strangled, lililokuwa sauti ya bendi yenyewe. Je, yote mawili ni "majarida ya mashabiki"? Kwa sarufi yetu, ndiyo. Kiunganishi "la" hakibagui: "jarida la watoto" huandikwa na watu wazima, ilhali "jarida la wanafunzi" huenda likaandikwa na wanafunzi wenyewe. Mpaka alioukusudia Chauvenet unafutwa na silabi moja.

Tulijaribu njia nyingine. "Kijarida" kinadunisha. "Jarida la kujitolea" lilimfurahisha mwenzetu mmoja kwa mchezo wake wa maneno, maana mtoaji kweli hujitolea na hulitoa mwenyewe. Lakini msomaji wa kawaida atadhani linagawiwa bure, au linahusu kazi za kujenga taifa.

Kwa maoni yangu, neno fanzini lipokewe, na linapotajwa mara ya kwanza liambatane na maelezo haya: jarida litolewalo na mashabiki wenyewe. "Jarida la mashabiki" libaki kwa yale yatolewayo na bendi au vilabu kwa wafuasi wao. Mfasiri wetu alilalamika kwamba maelezo yanarefusha sentensi. Ni kweli. Tulimjibu kwamba yanahitajika mara moja tu katika kitabu kizima. Baada ya hapo ataandika fanzini hii, fanzini hizi, katika ngeli moja na kalamu na karatasi.