Zilinunuliwa Nairobi, Zikalia Shimba

Mei 20, 2027 itatimia miaka 50 tangu serikali ya Mzee Jomo Kenyatta ilipopiga marufuku uwindaji wa wanyamapori nchini Kenya. Wawindaji wa kulipwa walikosa kazi kwa mpigo mmoja. Chama chao, kilichoundwa mwaka 1934 katika hoteli ya Norfolk, kilivunjwa, na maduka ya bunduki ya Nairobi yakapoteza wateja wake wakubwa. Mmoja wa wawindaji hao, Brian Herne, alichapisha mwaka 1999 kitabu kinene kiitwacho White Hunters, ambamo enzi hiyo inaombolezwa kama jamaa aliyezikwa kabla ya wakati wake.

Makala haya yanakitegemea sana kitabu hicho, pamoja na kile ambacho Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani, alikiandika kuhusu safari yake ya Afrika Mashariki. Vitabu vya namna hiyo vimejaa majina ya maduka, aina za bunduki na urefu wa pembe. Mtu wa Kwale, kwenye pwani ya kusini ya Kenya, akivisoma ataiona Mombasa, atapita Shimba Hills, na kama ni msomaji wa wasifu wa waandishi atafika mpaka Shimoni. Watu wa kwao ndio atakaowatafuta kwa taabu.

Kwamba bunduki zilifika pwani ya kusini kabla ya mzungu kufungua duka Nairobi, hilo halina ubishi. Katika karne ya 19 silaha ziliingia kwa makumi ya maelfu kupitia Zanzibar, zikasambaa mrima wote. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulijaribu kuziba njia hiyo, na bado Sheikh Mbaruk bin Rashid al-Mazrui wa Gazi aliweza kupigana na Waingereza kuanzia 1895 hadi Aprili 1896, alipovuka mpaka na kusalimisha silaha zake kwa Wajerumani. Alifia Dar es Salaam mwaka 1910.

Kabla ya kifo chake Nairobi ilikuwa imeshaanza biashara mpya. Kampuni ya Newland, Tarlton & Co., ya Waaustralia wawili, ilimwandalia mteja kila kitu: mahema, vyakula, wapagazi, wapishi, wabeba bunduki na leseni. Mteja mwenye fedha alishuka kwenye meli Kilindini, akapanda treni, akakuta kambi inamsubiri. Leseni ya mgeni peke yake ilikuwa pauni 50, fedha ambayo mkulima wa Kwale asingeiona maisha yake yote. Kwa sheria hiyo hiyo ya leseni, Mdigo au Mduruma aliyezoea kuingia msituni na upinde wake aligeuka mhalifu. Jambo hili halipewi nafasi ya kutosha katika kumbukumbu za wawindaji, nami naliona kuwa ndilo msingi wa habari yote.

Roosevelt aliteremka Mombasa Aprili 21, 1909, akiwa na mwanawe Kermit na wataalamu wa taasisi ya Smithsonian. Bunduki walizokuja nazo zimekuwa hadithi miongoni mwa wapenzi wa silaha: Holland & Holland ya mitutu miwili, zawadi ya Waingereza waliompenda, Winchester ya .405, na Springfield ya jeshi la Marekani. Baba na mwana waliua wanyama 512, baba 296 na mwana 216. Ukijumlisha ndege, panya na samaki, msafara ulirudi na vielelezo zaidi ya 11,000.

Kinachotuhusu sisi ni safari ya pembeni aliyoifanya Kermit bila baba yake. Kijana wa miaka 20 au pungufu kidogo, alipanda Shimba Hills kumtafuta palahala, paa mkubwa mweusi mwenye pembe ndefu zilizopinda kwenda nyuma kama jambia. Palahala hapatikani porini kwingine kokote nchini Kenya. Kermit alimpata. Edmund Heller, mmoja wa wataalamu wa msafara, alimchunguza mnyama huyo na mwaka 1910 akamtangaza kuwa wa namna yake, akampa jina la akina Roosevelt. Mpaka leo sayansi inamwita Hippotragus niger roosevelti. Kielelezo cha kwanza, kile ambacho kila mtaalamu duniani hurejea anapotaka kujua palahala wa namna hii ni yupi, kiko Washington.

Roosevelt, kwa haki yake, aliwataja watu kwa majina. Juma Yohari na Kassitura, waliombebea Kermit bunduki, wamo kitabuni, na wamesifiwa kwa ushujaa na uaminifu. Mbeba bunduki alikuwa na kazi ngumu kuliko anavyoonekana katika picha: alitembea hatua moja nyuma ya bwana, risasi mfukoni, na nyati akigeuka kwa hasira ilimbidi asimame pale pale na kutoa bunduki ya pili badala ya kukimbilia mti. Ufundi huo haukuuzwa dukani. Waliokuwa nao hawakuweza kununua leseni.

Miongo iliyofuata inajulikana. Jina lililong'aa mjini Nairobi lilikuwa Shaw & Hunter, duka la bunduki lililotoa kombe kwa mwindaji wa kulipwa ambaye mteja wake alipata mnyama bora. Kushinda kombe la Shaw & Hunter kulikuwa heshima ya juu kabisa katika kazi hiyo, na wawindaji waliolitwaa walilitaja hadi kaburini. Karibu wote walikuwa Wazungu. Baada ya Hali ya Hatari kutangazwa mwaka 1952, Sheria ya Silaha ya 1954 ilikaza zaidi masharti ya nani amiliki bunduki, na kwa Mwafrika wa kawaida duka kama hilo lilibaki mahali pa kupita ukiangalia kioo.

Mwaka huo huo wa 1954 pwani ya kusini iliingia katika habari hizi kwa namna ambayo wachache Msambweni wanaifahamu, na mimi nitaikalia kidogo.

Ernest Hemingway alikuwa amefika Mombasa kwa meli Agosti 1953 pamoja na mkewe Mary. Waliwinda Ukambani na Umaasaini miezi kadhaa, wakiongozwa na Philip Percival, mwindaji aliyekuwa ameacha kazi na akarudi kwa ajili ya rafiki yake. Mwisho wa safari ulipangwa uwe wa bahari: kambi ya uvuvi Shimoni, ambapo mkondo wa Pemba unapita karibu na nchi kavu, maji yana kina kirefu, na nduaro na sulisuli hupita wakifuata makundi ya samaki wadogo. Wavuvi wa Vanga, Wasini na Shimoni wanaujua mkondo huo vizazi na vizazi. Wageni wa fimbo na mshipi walikuwa ndio kwanza wanaugundua.

Januari 23, 1954 ndege ndogo iliyowabeba Hemingway na Mary ilianguka karibu na maporomoko ya Murchison, Uganda. Siku iliyofuata, ndege iliyotumwa kuwachukua ikashika moto ilipokuwa ikiruka kutoka Butiaba. Hemingway alivunja mlango kwa kichwa. Dunia ilipata habari kuwa amekufa, na magazeti yakachapisha tanzia ambazo yeye mwenyewe alizisoma Nairobi, fuvu likiwa limepasuka, ini na figo zimeumia, uti wa mgongo hauna nafuu.

Mtu wa kawaida angelala hospitali. Yeye aliteremka Shimoni. Carlos Baker, aliyeandika wasifu wake, anamwonyesha pale kambini akiwa mgonjwa kweli kweli, mkali kwa kila mtu, na asiyeweza kuvua kama alivyotamani. Wengine walikwenda mkondoni, yeye akabaki pwani. Kisha moto wa nyika ukazuka karibu na kambi. Watu walikimbia kuuzima na Hemingway akang'ang'ania kwenda nao. Kwa kichwa kilichokuwa kikizunguka bado, aliyumba akaangukia motoni. Alitolewa ameungua miguu, tumbo, kifua, midomo, mkono wa kushoto na kigasha cha kulia. Mwezi Machi alipanda meli Mombasa kuelekea Venice. Oktoba alitangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, na afya yake haikumruhusu kwenda Stockholm kuipokea.

Nani walimtoa kwenye moto ule? Wasifu haukujali kutuambia majina. Shimoni ya 1954 ilikuwa kijiji cha wavuvi, na wageni wa kambi walihudumiwa na wenyeji: manahodha, wapishi, wachota maji, vijana wa kutia chambo. Nikisoma kurasa hizo naamini palikuwa na mikono ya Wavumba na Wadigo katika kumvuta mtu huyo mzito kutoka kwenye majivu, na inaniuma kwamba wasomi wamehesabu kila lengelenge la ngozi yake bila kumuuliza mtu hata mmoja wa Shimoni alichokiona.

Baada ya Uhuru, biashara ya wageni ilihamia ufukweni. Trade Winds, Two Fishes na Jadini yalikuwa majina makubwa Diani, na mgeni aliyemaliza safari ya bara alikuja kupumzika huko kabla ya kurudi kwao. Maduka ya ukumbusho yaliuza pembe, ngozi za chui na bangili za singa za mkia wa tembo, mali halali wakati huo. Uwindaji wa tembo ulikatazwa 1973. Marufuku ya jumla ikaja Mei 1977, na Desemba mwaka huo wenye maduka ya nyara wakapewa miezi mitatu kumaliza bidhaa zao. Machi 1978 rafu zikawa tupu.

Wawindaji waliohamia Tanzania, Sudan, Zambia na Botswana wanadai hadi leo kwamba kuwaondoa porini kuliwafungulia majangili mlango. Hoja yao ina takwimu za kutisha: mwaka 1973 Kenya ilikadiriwa kuwa na tembo 167,000, na 1989, mwaka ambao Rais Moi alichoma tani 12 za pembe, walibaki kama 16,000. Nakubali kwamba macho ya wawindaji porini yalisaidia. Lakini pembe zilianza kutoroshwa kwa wingi kabla ya 1977, tena kwa msaada wa wakubwa, wakati maduka yote ya bunduki yalikuwa wazi.

Sasa nije kwenye bunduki ambayo watu wa Gazi, Msambweni na Vanga waliijua kwa mikono yao. Haikuuzwa na Shaw & Hunter. Ni ile ya kuzamia: gongo la mti mgumu lililochongwa likawa jembamba mbele, mfereji umekwanguliwa juu yake wa kulaza mshale, vipande vya mpira wa ndani wa gurudumu vimefungwa kwenye ncha, na mshale wenyewe ni chuma kilichonolewa kwa tupa na kutiwa jino ili samaki asichomoke. Kifyatulio ni kipande cha bati au msumari uliopindwa. Mzamiaji huvaa miwani, hujitosa kwenye mwamba, huvuta mpira kifuani kwa mikono miwili, kisha hushuka kumfuata pweza, tafi au kamba.

Hii ndiyo bunduki ya kijana asiye na mtaji. Dema, mtego wa samaki, linataka ufundi wa kusuka na mtumbwi wa kulipeleka. Nyavu zina bei. Bunduki ya mpira ilitengenezwa na fundi wa mtaani kwa vitu vilivyotupwa, na jioni ile ile ikaleta mboga. Wazee wa madema hawakuipenda. Walisema inatisha samaki na kuvunja matumbawe. Hata hivyo hasira yao kubwa zaidi waliielekeza kwa juya, wavu wa kukokota uliokuja na wavuvi wa kutoka Pemba, na ugomvi huo katika madiko ya Diani ulidumu miaka mingi. Mwaka 1995 serikali ilipotangaza hifadhi ya bahari ya Diani na Chale, wavuvi waliikataa kwa nguvu hivi kwamba ikabaki karatasini. Mwaka 2001 likatoka tangazo katika gazeti rasmi: juya na bunduki ya kuzamia, zote marufuku.

Basi pwani hii imepigwa marufuku mbili za bunduki. Ya 1977 ina vitabu, makombe na wazee wanaolia kwa Kiingereza. Ya 2001 ilimwangukia kijana wa Gazi, naye hakuandikiwa hata ukurasa. Sitetei kuvunjwa kwa matumbawe. Ninachosema ni kwamba mafundi hao walikuwa na maarifa, na kwamba historia ya vifaa vya uwindaji na uvuvi katika nchi hii haikamiliki bila wao.

Mengine ni ya juzi. Agosti 1997 wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni na kuondoka na bunduki, na tangu hapo neno lenyewe limebeba hofu upande huu wa feri. Shimoni bado hupokea wavuvi wa mchezo, ambao siku hizi wengi humtia nduaro alama na kumrudisha majini. Palahala wa Shimba ndiye aliye hatarini hasa: sensa ya wanyamapori ya 2021 ilihesabu 51 tu.

Makumbusho ya Taifa yako Fort Jesus, mwendo wa asubuhi moja kutoka Msambweni. Serikali ya Kaunti ya Kwale ina idara ya utamaduni. Mafundi wa bunduki za mpira wangali hai, na wako wazee wa Shimoni waliokuwa watoto mwaka 1954. Kinachotakiwa ni mtu wa kukaa nao na kinasa sauti, kuchukua bunduki moja ya Gazi kabla ya mti wake kuliwa na mchwa, na kuandika pembeni yake jina la aliyeichonga, kijiji chake na mwaka alioanza kazi.