Kuwategemeza wamisionari wazalendo katika nchi zenye dhiki

Wengi wetu tukisikia neno "mmisionari" humfikiria mgeni aliyevuka bahari, mwenye kanzu nyeupe na ndevu ndefu, kama wale mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu waliofungua misioni ya Bagamoyo mwaka 1868. Picha hiyo ni ya kweli, nasi tunaiheshimu, ila haitoshi kueleza hali ya leo. Katika nchi ambamo Kanisa linateseka kwa vita, ugaidi au ufukara, anayelitangaza Neno la Mungu mara nyingi ni mzaliwa wa nchi hiyohiyo: padre wa jimbo, mtawa, na zaidi ya wote katekista. Hana mahali pa kurudishwa mambo yanapoharibika, kwa kuwa hapo ndipo kwao.

Tuchukue mfano wa Burkina Faso. Dominika ya tarehe 12 Mei 2019, watu wenye silaha walivamia kanisa la Dablo, Jimbo la Kaya, wakati wa Misa Takatifu. Walimuua Padre Siméon Yampa pamoja na waamini watano, wakalichoma kanisa. Miezi miwili kabla yake, Padre Joël Yougbaré, paroko wa Djibo kaskazini mwa nchi hiyo, alikuwa ametekwa, naye hakurudi. Kufikia mwaka 2023, watu zaidi ya milioni 2 wa nchi hiyo walikuwa wameyahama makazi yao.

Habari za mapadre hutufikia. Za makatekista hutufikia kwa nadra, ilhali kwa maoni yetu ndiko kwenye uzito wa jambo lenyewe. Katekista wa kijijini, huko kama kwetu, kwa kawaida haishi kwa mshahara. Anaishi kwa jembe lake, kwa mifugo michache, na kwa posho ndogo ya jumuiya. Kijiji kikihamwa, padre hupokelewa na askofu wake na kupangiwa mahali pengine. Katekista hupoteza shamba, mifugo na jumuiya iliyompa posho, vyote kwa siku moja. Wakati huohuo waamini waliotawanyika humfuata kambini wakitaka awaongoze katika sala, awazike wafu wao, awafundishe watoto wao. Kazi inaongezeka siku ileile riziki inapokatika. Akienda mjini kutafuta kibarua ili wanawe wale, nani atamlaumu? Lakini akiondoka, kundi lile linabaki bila mtu.

Ushuhuda wa aina hii si mgeni katika bara letu. Wenyeheri Daudi Okelo na Jildo Irwa, makatekista vijana wa Kiacholi, waliuawa Paimol, kaskazini mwa Uganda, mwaka 1918, wakatangazwa wenyeheri tarehe 20 Oktoba 2002. Huko Guiúa, Jimbo la Inhambane nchini Msumbiji, makatekista na watu wa familia zao waliuawa tarehe 22 Machi 1992, miezi michache kabla ya mapatano ya amani. Walikuwa wamekuja kituoni kwa mafunzo.

Mafundisho ya Kanisa juu ya jambo hili ni wazi kuliko utekelezaji wake. Papa Benedikto XV, katika waraka Maximum Illud wa mwaka 1919, alisisitiza malezi ya mapadre wazalendo walio kamili, si wasaidizi wa wageni. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Ad Gentes namba 17, ulitaka makatekista wanaojitoa kikamilifu wapewe ujira wa haki na hifadhi ya maisha, ukapendekeza hata kuanzishwa kwa mfuko maalumu wa makatekista ikihitajika. Papa Fransisko aliifanya huduma ya katekista kuwa huduma rasmi ya Kanisa mwaka 2021. Heshima hiyo ni kubwa. Hata hivyo, huduma rasmi haimnunulii mtu unga.

Msaada hupita wapi? Njia kuu ni Mashirika ya Kipapa ya Kimisionari. La kwanza, la Uenezaji wa Imani, lilianza Lyon, Ufaransa, mwaka 1822. Pauline Jaricot, mlei, aliwapanga watu katika makundi ya kumi kumi, kila mmoja akisali na kutoa senti moja kwa juma. Wenye jumuiya ndogo ndogo wataona kwamba mfumo huo si mgeni kwao. La Mtakatifu Petro Mtume lilianzishwa mwaka 1889 na Jeanne Bigard na mama yake Stéphanie, baada ya Askofu Cousin wa Nagasaki, Japani, kueleza kwamba alilazimika kuwarudisha vijana wenye wito kwa kukosa fedha za kuwasomesha. Kardinali Protase Rugambwa, Askofu Mkuu wa Tabora, aliwahi kuwa Rais wa Mashirika haya huko Roma.

Sadaka ya Dominika ya Kimisionari, mwezi Oktoba, huingia katika mfuko wa pamoja. Maaskofu wa maeneo zaidi ya 1,100 yaliyo chini ya Baraza la Kipapa la Uinjilishaji huleta maombi yao, na wakurugenzi wa kitaifa hukutana Roma kila mwaka kuyagawa yaliyopatikana. Kwa sababu hiyo parokia haina ruhusa ya kubakiza sehemu ya sadaka hiyo kwa ajili ya paa lake (taz. kanuni 791). Tunafahamu kwamba wafadhili wengi hupenda kuona jengo lenye kibao cha jina lao. Jengo ni jema, ila katika nchi ya vita huteketea usiku mmoja, na katekista aliyelala njaa hapati kitu kwa kibao. Mfuko wa pamoja humfikia hata yule asiye na wa kumpigia picha.

Na kuhusu picha tuwe waangalifu. Jina la kijiji, sura ya mtawa au ratiba ya safari ya padre, vikirushwa katika makundi ya WhatsApp kwa nia njema ya kuombewa, vinaweza kumfikia adui kabla ya kumfikia Mkristo. Tumwombee bila kumtangaza.

Ipo njia nyingine isiyojulikana sana kwa waamini: nia za Misa. Kwa padre wa eneo ambalo waamini wake wamekimbia, sadaka ya Misa huenda ikawa ndiyo chakula cha siku. Kanisa lililopokea nia nyingi kuliko Misa zinazoweza kuadhimishwa hapo laweza kuzipeleka kwingine, isipokuwa mtoaji amekataza (kanuni 954). Anayezihamisha azihamishe pamoja na sadaka yake yote (kanuni 955), na padre asipokee nyingi kuliko awezazo kuzitimiza ndani ya mwaka (kanuni 953). Mwamini anayetaka nia yake iadhimishwe na padre wa nchi yenye dhiki aseme hivyo wazi anapoiandikisha, nayo ipelekwe kupitia ofisi ya Askofu. Mapadre wenzetu wenye daftari zilizojaa wanaombwa wasisubiri mwaka uishe.